Wino Mwekundu na Deni la Marehemu



Wiki hii tumeketi na chupa mpya ya wino mwekundu, kalamu ya kujaza wino, na daftari kuukuu la bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Bibi alikuwa akiuza leso kwa mkopo. Kila aliyechukua alimwandika kwa wino mweusi: jina, idadi ya jozi, na fedha anazodaiwa. Alipolipwa, alishika kalamu yake ya pili, yenye wino mwekundu, akapiga mstari juu ya jina. Hakuongeza neno.

Alipofariki tulilifungua daftari lile, kwani haki za watu hutangulia kabla ya mirathi kugawanywa. Kurasa za ndani zilisomeka vyema. Ukurasa wa mwisho, uliopoteza jalada na kulala dirishani miaka mingi ukipigwa na jua, ulikuwa na majina manne meusi yasiyo na mstari. Tukamwendea jirani mmoja, mama mtu mzima, kumkumbusha deni. Akatutazama kwa masikitiko, akatuambia kwamba alilipa bibi akingali hai, na mstari ukapigwa mbele ya macho yake. Tukiri ukweli: miongoni mwetu walikuwapo ambao hawakumsadiki.

Ami yetu ndiye aliyeutoa ukurasa ule mlangoni na kuuinamisha mwangani. Hapo ndipo tulipoona alama nyembamba za ncha ya kalamu, na ndani yake waridi hafifu mno. Wote wanne walikuwa wamelipa. Tulirudi kwa yule mama kuomba radhi. Alitusamehe, akatumiminia kahawa, nasi tukainywa tukiwa tumeinamisha vichwa.

Kwa sababu hiyo hatukutaka kuujaza wino huu mpya kalamuni kabla ya kuujaribu. Kwanza tuliisafisha kalamu kwa maji baridi mpaka yakatoka meupe, kwa kuwa masalio ya wino wa buluu huugeuza mwekundu kuwa zambarau, na wino za aina mbili zikichanganyika huweza kuganda na kuziba njia. Kisha tukaandika mistari kwenye karatasi mbili. Katika karatasi ya daftari la shule, wino ulitambaa pembeni mwa herufi kama mizizi. Katika karatasi nzito na laini, herufi zilisimama safi, na rangi yake ikapendeza kama komamanga lililoiva.

Jaribio la pili lilikuwa tone la maji. Mwekundu ukayeyuka, ukabaki wingu la waridi. La tatu ndilo lililotugusa: tuliufunika nusu ya mstari kwa kadibodi, tukaibandika karatasi dirishani kwa siku 14. Nusu iliyofunikwa ilibaki ilivyokuwa. Nusu iliyoachwa juani ilipauka, na tukamkumbuka bibi.

Sababu yake si siri. Wino mwingi wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa majini, na rangi nyekundu za namna hiyo, hasa zitokanazo na eosini, haziwezi kustahimili mwanga. Waandishi wa kale katika nchi za Kiislamu walitumia pia zingefuri, jiwe jekundu lililosagwa likawa unga, ambao hukaa juu ya karatasi. Unga kama huo usitiwe katika kalamu ya kujaza, utaiziba. Hapa pwani yetu, misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne za 18 na 19, inajulikana kwa mapambo yake meusi, mekundu na ya manjano. Wekundu una heshima yake katika maandishi yetu tangu zamani.

Basi wino huu tumeupa kazi yake. Tutaandikia vichwa vya habari katika daftari la mapishi, na kusahihishia hesabu za watoto. Aliyetiwa madoa vidoleni asihofu: rangi tupu isiyo na tabaka, kama ile ya hina, haizuii maji ya udhu.

Lakini deni lisiachiwe mstari mwekundu peke yake. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamrisha kuandika deni na kushuhudisha. Kuandika deni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika malipo yake. Dada zetu wenye biashara za nyumbani, na wenye kuweka vitabu vya michezo ya fedha, tunawasihi: andikeni "amelipa" kwa maneno, kwa wino mweusi usiofutika kwa maji, pamoja na tarehe na jina la shahidi. Mpeni mlipaji karatasi yake, na daftari lifungwe kabatini, mbali na jua na unyevu.

Sisi tumekwisha kuunakili upya ukurasa wa bibi. Majina manne yamo, na mbele ya kila moja neno moja jeusi. Tulipomaliza tulimwonyesha yule mama. Alilisoma jina lake polepole, akalipitisha kidole, akamwombea bibi rehema.

Wabillahi tawfiq.