Serikali Nayo Ijibu



Tarehe 16 Aprili 1947 meli Grandcamp ililipuka bandarini Texas City, Marekani, ikiwa imepakia mbolea ya chumvichumvi, ile ya amonia naitreti. Watu wapatao 580 walikufa: makuli, watu wa viwandani, na wazima moto 27 wa kujitolea. Mbolea ile ilitengenezwa kwa mpango wa serikali, ikatiwa magunia ya karatasi ingali moto. Waliobeba hawakuambiwa kuwa yaweza kulipuka.

Jamaa zao walishtaki. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu, majaji 4 kwa 3, ilisema serikali hailipi, maana hayo yaliamuliwa na wakubwa katika kupanga mipango, na sheria ya 1946 inawakinga. Bunge lilikubali kutoa fidia mwaka 1955. Miaka 8! Mjane alikula nini?

Sisi hatuikubali hoja hiyo. Kuli akikosea hufukuzwa siku ile ile. Aliyeamua gunia lifungwe moto huitwa mpangaji. Barabara ipite wapi, hilo kweli si kazi ya jaji. Lakini kuandika onyo kwenye gunia ni mpango gani wa nchi?

Hapa Uganda serikali hushtakiwa, ila kesi ya madhara ifunguliwe kabla ya miaka 2 kwisha. Basi mwenzetu akigongwa na gari la serikali asikae nyumbani akingoja barua. Aje ofisi ya tawi juma hilo hilo, pamoja na majina ya walioona.