Hesabu Isiyouandika Mti



Mimi ni mtu wa duka. Elimu yangu ni ya chuoni, mbele ya msahafu, wala sikusomea uchumi. Walakini hili nalijua yakini: mwenye kula rasilmali yake akaiita faida, duka lake litafungwa, ijapokuwa leo limejaa wateja.

Naandika kutoka Kitete, mjini Tabora, nilikokuja kwa biashara. Hapa ilipita misafara baina ya pwani na Ujiji. Katika karne ya 19 ilitafuta pembe na, kwa aibu yetu, wanadamu. Tembo walipopungua, wafanyabiashara walizifuata pembe hata Manyema, ng'ambo ya ziwa. Nasi watu wa visiwani tusijitoe, kwani mali ile ilishuka Unguja na tuliila.

Kisha ukaja utaalamu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga huko Kongwa, halafu Urambo, magharibi ya Tabora, na Nachingwea. Matingatinga yaling'oa msitu, bali udongo na mvua havikuulizwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mamilioni ya pauni yamekwisha potea.

Ikafuata tumbaku, nayo ingalipo. Tumbaku ya mvuke hukaushwa mabanini kwa moto wa kuni, na kuni hizo ni miombo. Simlaumu mkulima, ana watoto wa kusomesha, na tumbaku ina mnunuzi. Kosa limo daftarini: bei ya jani imeandikwa, mti haukuandikwa.

Na msitu huo huo ndio utoao asali ya Tabora kila mwaka pasipo kufyekwa. Wala maarifa si adui. Mzinga wa gome huuua mti uliobanduliwa. Mzinga wa sanduku huuacha hai. Bani lililojengwa vyema hula kuni chache.

Basi chama chetu, kinapotaka kushika dola, kiseme wazi katika sera yake: bei ya kila zao iwe na fungu la kuurudisha mti, na fungu hilo alitoe mnunuzi, asitwikwe mkulima peke yake. Na tuanzie kwetu, kwa mikoko tunayokata na mchanga tunaochimba, ambao haumei tena.

Tukiwalaumu watawala kwa daftari bovu, nasi tuonyeshe letu.