Tumkabe Anayeuza, Si Anayetafuta

Sisi watu wa barazani tuna swali letu moja tunalolipenda sana: "Faida yake nini?" Tukisikia fulani amemaliza miaka kumi akitazama nyota, au akichungulia kongosho la mbwa kwa hadubini, twamtupia swali hilo, twatikisa kichwa, kisha twaagiza kahawa nyingine. Swali lenyewe si baya. Ila nimechunguza nikaona kwamba tunamkabia nalo mtu asiyestahili, na anayestahili tunamwacha apite.

Tuanze na jua. Tarehe 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na Mfaransa Jules Janssen, mtaalamu wa falaki, alikuwa amesafiri hadi Guntur, India, kuitazama nuru yake kwa chombo kinachoitandaza rangi kwa rangi kama upinde wa mvua. Elementi ikiwaka hutoa mistari yake maalumu ya nuru, na mistari hiyo huitambulisha kama alama za vidole zinavyomtambulisha mtu. Miezi miwili baadaye Mwingereza Norman Lockyer, akilitazama jua kutoka kwao, aliuona mstari wa manjano ambao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana duniani. Elementi hiyo ngeni ikaitwa heli, kwa jina la jua katika Kiyunani. Wengi hawakusadiki. Ilipita miaka 27 ndipo mkemia William Ramsay alipoipata hapa ardhini, mwaka 1895, katika gesi iliyotoka ndani ya jiwe lenye urani.

Faida yake nini? Mwaka ule hakuna ambaye angeweza kujibu. Leo mgonjwa anapoingizwa katika mashine ya MRI apigwe picha ya ubongo, sumaku kubwa inayomzunguka kwa kawaida hupozwa kwa heli ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Na mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwa Bonde la Rukwa, Tanzania, lina akiba kubwa ya gesi hiyo. Basi wanaopiga hesabu za fedha za Rukwa wakumbuke kwamba mali hiyo ilianza kuwa mstari mwembamba wa manjano ambao mtu aliutazama bila kutumaini senti.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha kisukari, maana ugonjwa huu umo majumbani mwetu.

Mwaka 1869, mjini Berlin, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 21, Paul Langerhans, aliona ndani ya kongosho vikundi vya seli vilivyotawanyika kama visiwa. Aliandika alichokiona, na akakiri kwamba kazi yake haijui. Alipata shahada yake kwa kuona vizuri jambo asilolielewa, na mimi naona alistahili. Miaka 20 baadaye, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho wakitaka kujua habari za usagaji wa mafuta. Mbwa akawa anakojoa kila mara. Minkowski akaupima mkojo, akakuta sukari. Mlango wa kisukari ulifunguliwa na watu waliokuwa wakibisha hodi nyumba nyingine. Kisha London, mwaka 1902, Bayliss na Starling wakaonyesha kuwa kiungo kimoja cha mwili huweza kukipelekea kingine ujumbe kwa njia ya damu. Mwaka 1905 Starling akazipa kemikali zinazobeba ujumbe huo jina la homoni.

Ndipo tunafika Toronto, Kanada, mwaka 1921. Daktari mpasuaji Frederick Banting na kijana Charles Best, katika maabara ya Profesa John Macleod, walifanikiwa kutoa katika kongosho maji yaliyoshusha sukari ya mbwa wenye kisukari. Tarehe 11 Januari 1922 maji hayo alidungwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyebaki mifupa, uzito haufiki kilo 30. Zama zile mtoto wa namna hiyo alikuwa akiwekwa kwenye njaa ya makusudi ili aongezewe miezi michache ya kuishi. Dawa haikufaa. Sukari ilipungua kidogo, na mahali pa sindano pakatunga jipu.

Hapa nakuomba usimame nami kidogo. Wako waganga ambao wangesema mgonjwa amevunja masharti. Hawa walikiri dawa yao ina kasoro, wakaisimamisha. Mkemia James Collip akaisafisha upya kwa alkoholi, akihangaika na vipimo, hadi uchafu ukaachana na dawa. Tarehe 23 Januari kijana akadungwa tena, na safari hii sukari ikashuka mpaka karibu na ya mtu mzima wa afya. Siku 12 tu, lakini ndani yake imo adabu yote ya utafiti.

Msidhani walikuwa malaika. Walitukanana, walioneana wivu, na Tuzo ya Nobel ya 1923 ilipotolewa kwa Banting na Macleod peke yao, ugomvi ukazidi, Banting akaona amgawie Best fedha zake, na Macleod amgawie Collip. Hata hivyo hataza ya dawa hiyo, iliyoitwa insulini, Banting, Best na Collip waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu.

Na kazi haikuishia pale. Frederick Sanger wa Cambridge alichambua insulini hadi akajua mpangilio wa asidi amino zake 51, akapewa Nobel mwaka 1958. Rosalyn Yalow, mwanafizikia, na daktari Solomon Berson waliiwekea insulini iodini yenye mnururisho, wakagundua njia ya kupima homoni iliyo chache mno katika damu. Makala yao ya awali majarida yaliikataa. Dorothy Hodgkin alizipiga fuwele za insulini picha ya eksirei katikati ya miaka ya 1930, na umbo lake kamili akalipata mwaka 1969, vidole vyake vikiwa vimepindwa na baridi yabisi. Zaidi ya miaka 30 kwa kitu kimoja! Mwaka 1978 bakteria walifundishwa kutengeneza insulini ya binadamu, na 1982 ikaruhusiwa Marekani. Kabla ya hapo ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, jambo ambalo Waislamu wengi wa pwani hawangeambiwa bila kukunja uso.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipoendelea kuuliza kwa nini, baadaye mwalimu mmoja alimkejeli kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kisha alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi kwake akalijaribu, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa katika jarida la fizikia. Wataalamu wanabishana mpaka leo, na wako waliopima upya wasilione jambo hilo. Na wabishane! Asiyeuliza hana ajifunzalo, na kijana aliuliza.

Tazameni basi ukali wetu unakoelekea. Anayesema "sijui, natafuta" twamcheka. Anayesema "nimepata, siku saba tu kisukari kwisha" twamfungulia pochi. Siidharau mitishamba: metformini, kidonge wanachoanzia wagonjwa wengi wa kisukari, asili yake ni mmea. Lakini mmea ule ulipita katika mikono ya wakemia na vipimo vya miaka mingi. Mwenye chupa sokoni na mwenye tangazo kwenye simu yako, huyo ndiye wa kukabwa: umewapima wangapi, kwa muda gani, na wangapi haikuwafaa? Akikosa jibu la swali la mwisho, funga pochi yako.

Wazazi na walimu, mtoto akiwauliza msilolijua, semeni hamjui, kisha mjaribu pamoja naye. Na wewe ndugu unayedungwa insulini, usiiache kwa ajili ya chupa ya mtu asiyekujibu. Leonard Thompson, aliyekuwa akisubiri kifo, aliishi miaka 13 zaidi.