Kitabu Kizuri Hakijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mambo mengi nawaunga mkono. Katika jambo la vitabu nawapinga mchana kweupe. Kitabu kizuri chaweza kukaa juu ya kabati miaka kumi, mchwa wakakila ukurasa kwa ukurasa, na asitokee hata mtu mmoja wa kukiulizia. Samaki wetu sambaza wakikaangwa, harufu yao huita wateja kutoka avenyu ya pili. Kitabu hakinuki. Kinamtegemea yule aliyekwisha kukisoma afungue kinywa chake, naye asipofungua, basi.

Nasema haya nikiwafikiria kwanza wenzangu wa Cimpunda, katika komuni ya Kadutu, hapa Bukavu. Nani asiyejua tunavyoishi? Nyumba zimebanana mlimani hata paa la huyu liko sawa na kizingiti cha yule. Bei ya makala ikipanda sokoni Kadutu asubuhi, kabla ya saa sita kila jiko limekwisha kujua. Binti wa mtu akiposwa, habari hufika bondeni kabla ya wageni kumaliza fanta zao. Lakini kijana anaweza kukesha na riwaya nyuma ya ukuta wa mbao, akacheka peke yake, akalia peke yake, akaimaliza na kuisukuma chini ya godoro, na jirani yake wa unene wa ubao mmoja asijue kwamba kitabu kile kipo duniani. Sisi wenye midomo myepesi kwa kila jambo, kwa vitabu tumekuwa mabubu.

Ububu huu unatugharimu kuliko unavyowagharimu watu wa miji mingine. Penye maduka makubwa ya vitabu, mtu huingia, akafunua kimoja, akakirudisha, akachukua kingine. Penye magazeti yenye ukurasa wa vitabu, yuko mtu anayelipwa kusoma kabla yako na kukuonya. Mtu wa Cimpunda anayetaka kitabu cha kusoma, mbali na kaye na vitabu vya darasa, hushuka mjini, akainama mbele ya vitabu vilivyotandikwa kando ya barabara, akachagua kwa jalada na kwa bei. Akikosea, fedha ya unga imekwenda. Mtu wa namna hiyo anahitaji neno la msomaji aliyemtangulia kuliko anavyolihitaji tajiri, ambaye akinunua kitabu kibovu atakitupa na kununua kingine.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi tuna simu. Kweli, tunazo, na penye mega na umeme vikundi vya wasomaji havikosekani. Lakini hebu tutazame mazungumzo yenyewe. Mmoja anauliza jioni: “Nani iko na PDF ya kile kitabu?” Wa pili anaituma bila neno. Wa tatu anaandika: “Iko muzuri sana.” Wengine wanaweka dole gumba. Wa mwisho anasema: “Merci, yaya.” Halafu kimya. Kesho yake kitabu kingine kinaombwa, kinatumwa, kinasifiwa vilevile, iko muzuri sana. Nimejiuliza mara nyingi ni wangapi kati ya hao walioweka dole gumba walifika ukurasa wa kumi. Kutumiana mafaili ni kazi ya posta. Posta haijui kilichomo ndani ya bahasha.

Na hapo niseme jambo ambalo halitawapendeza wengi. Ile PDF iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ya kitabu ambacho mwandishi wake yu hai na anajaribu kuuza nakala zake, ni mali ya mtu. Sitajifanya mtakatifu mbele ya mwanafunzi ambaye kitabu hakiko mjini mwake kwa bei yoyote. Dhiki ina sheria zake. Lakini ikiwa mwandishi yuko hapa hapa Bukavu, anazo nakala nyumbani, nawe unasambaza kazi yake bure usiku huku ukimwita rafiki mchana, huo ni wizi wenye tabasamu. Afadhali umwandikie maneno machache ya haki juu ya kitabu chake, yatakayomfanya mtu mmoja apande mlima kwenda kukinunua.

Maneno ya haki ni yapi? Sisemi uhakiki wa chuo kikuu, wala sisemi kusimulia hadithi nzima hata mwenzako asibakiwe na la kusoma. Nasema mambo ambayo mama angemwambia jirani yake juu ya fundi wa nguo: anashona nini, anashona vipi, ana kasoro gani, nani amwendee na nani asijisumbue. Nitatoa mfano, kwa kuwa mawaidha bila mfano ni kelele.

Mji huu wote unalitaja jina la Daktari Denis Mukwege. Alizaliwa hapa mwaka 1955, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na mwaka 2021 kikatoka kitabu chake La force des femmes. Nina hakika kwamba wanaomsifu na hata wanaomsema vibaya bila kukisoma ni wengi kuliko waliokisoma. Basi aliyekisoma angeweza kumwandikia mwenzake hivi: “Nilidhani ni kitabu cha daktari kujieleza. Kumbe wanaokibeba ni wanawake aliowatibu katika hospitali ya Panzi, na mwandishi anatoka nje ya Kongo mpaka Korea na Colombia ili uone kwamba jambo hili halikuanzia kwetu. Mwanzoni kuna habari za kuzaliwa kwake na za mama yake. Mtu wa Bukavu atazipenda. Ukitafuta historia ya vita vyetu mwaka kwa mwaka, hutashiba. Kuna kurasa nzito za mateso, usimpe mtoto, na mama aliyepitia hayo mwulize kwanza kama anataka. Finaliste anaimudu lugha yake.” Haya ni maneno ya dakika tano. Aliyeyapokea anajua kama kitabu ni chake, anajua la kungojea, na anajua la kumficha mdogo wake. “Iko muzuri sana” ingemwambia nini katika hayo?

Lakini Kiswahili chetu, mtasema, ni cha soko na cha basi. Kitabu ni Kifaransa, na maoni juu yake yapaswa kuwa Kifaransa. Mawazo haya ndiyo yanayowanyamazisha wasomaji wazuri kupita umaskini wenyewe. Kijana aliyeelewa riwaya nzima anaogopa kuizungumzia kwa sababu atakosea kitenzi mbele ya wenzake. Ndugu yangu, Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Na hata bila Katiba, ushahidi upo. Mwaka 1965 kule Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji ule kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili chao wenyewe, kile cha jikoni na cha kambi, wala hakungoja ruhusa ya mabingwa wa Zanzibar. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa kijitabu kile upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ikiwa lugha ya jikoni iliweza kubeba historia ya mji mzima, itashindwa kubeba maoni yako juu ya riwaya ya kurasa 200?

Tena msomaji ana mwendo kuliko mfasiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Nobel ya mwaka 2021. Ni miaka 28 kati ya kitabu na lugha iliyomlea mwandishi. Katika miaka yote hiyo, kila Mswahili aliyekisoma kwa Kiingereza angeweza kuketi barazani na kuwaambia wenzake kilichomo. Vivyo hivyo kwetu: bibi asiyejua Kifaransa anaweza kujua In Koli Jean Bofane anasema nini katika riwaya yake Congo Inc., kama yuko mjukuu wa kumweleza. Nadhani angecheka mahali ambapo maprofesa hawacheki.

Kikwazo kingine ni adabu. Sisi hatupendi kumwambia mtu usoni kwamba kazi yake haikutufaa, hasa akiwa mwalimu wetu, mchungaji wetu, au mtoto wa shangazi. Kitabu kinabatizwa ukumbini, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, nakala za kwanza zinanunuliwa kwa kelele na wakubwa. Kila msemaji anasifu. Mimi nimeketi katika sherehe za namna hiyo na kuona wazi, kwa jinsi msemaji alivyokuwa akizunguka, kwamba kitabu chenyewe hakukifungua. Mwandishi anarudi nyumbani amefurahi na hakujifunza kitu. Kitabu cha pili kitakuwa na makosa yale yale ya kitabu cha kwanza.

Wenzetu wa Afrika Mashariki walipata faida kwa hukumu ya wasomaji. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotuletea mpelelezi Bwana Msa, iliibuka ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 na 1958, kisha ikachapishwa mwaka 1960. Kushinda maana yake ni kwamba walikuwapo watu waliosoma miswada, wakathubutu kusema huu unapita ile. Ndani ya kila sifa ya kweli pamefichwa kulinganisha. Anayesifu vyote hajasifu chochote, na waandishi wetu, ambao ni maskini wa wasomaji kuliko walivyo maskini wa fedha, wanastahili kusikia kwamba sura ya tatu inalegea au kwamba mhusika fulani anazungumza kama hotuba ya gavana. Lisemwe kwa upole, litajwe na lililopendeza, na mtu mwenyewe asitukanwe. Kukosoa kitabu ni jambo moja. Kumvua mtu nguo ni jambo jingine kabisa, na kwenye simu tumezoea kuyachanganya.

Bado namsikia mtu akininong'oneza: mzee, unazungumza vitabu wakati gani huu? Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji, watu wamehangaika na benki zilizofungwa, na kazi zilizopotea, na watoto waliotawanyika. Ni kweli, na simlaumu mwenye njaa akiniacha hapa. Ila namkumbusha yaliyotokea katika mji huu huu. Mwaka 1999 Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na hali haikuwa nyepesi kuliko sasa. Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko akatoa waraka wake wa Noeli. Karatasi tu, wala haikuwa na bunduki nyuma yake. Mwezi Februari 2000 wenye madaraka wakamzuia kurudi jimboni mwake, akabaki Butembo mpaka Septemba. Oktoba akafariki Roma. Watu wenye silaha walijua vema kwamba maneno yaliyosomwa na kusimuliwa na wengi hayakamatiki. Wakati mgumu, basi, ndio hasa mtu anapotaka kujua wenzake wanasoma nini na kimewaambia nini. Kwa upande wa gharama, jumbe mbili za maandishi hula mega kidogo mno kuliko ile PDF nzito isiyofunguka.

Nimalizie kwa walimu, kwa sababu ugonjwa wenyewe umeanzia darasani, na nasema kwa heshima nikijua kwamba tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika kupita kiasi. Wanafunzi wetu wanajua kwamba riwaya ya Ngando ni ya Paul Lomami Tshibamba na ya mwaka 1948. Wanaijua kama wanavyojua mito na mikoa. Mwalimu husomesha résumé, mwanafunzi hunakili, Examen d'État hupita, na mamba wa Lomami Tshibamba, ambaye angemnyima usingizi mtoto yeyote anayekaa kando ya maji, hakutoka ndani ya kaye. Mtoto hakuwahi kuulizwa: wewe ulikionaje?

Mwulizeni. Nakala moja ya darasa yatosha kuanzia: asome mmoja wiki hii, na Ijumaa asimame dakika tano awaambie wenzake kilichomo, kwa Kifaransa kama anaweza, kwa Kiswahili kama anaona haya, na aseme ni nani kati yao akichukue baada yake na kwa nini yeye. Mwenye kupinga apinge, lakini awe amekisoma. Na yule atakayesimama akasema kwamba kitabu kilimchosha kuanzia ukurasa wa thelathini, akaonyesha mahali penyewe na kueleza sababu, mwalimu asimkatie pointi. Ampe zote.