Fimbo haiponyi ubongo, jamani!

Leo sina stori za baridi wala za treni. Nina jambo linanikera, na najua wengine mtanuna. Poa tu, nuneni, lakini someni mpaka mwisho.

Kila nikipiga simu nasikia: fulani mtukutu, hasikii, madaftari anapoteza, kachapwa tena shuleni. Halafu mnacheka! Mimi ni nesi hapa Uingereza na siwezi kucheka. Wapo watoto watukutu tu, sawa. Ila wapo wenye ADHD, yaani ubongo wao unashindwa kutulia kwenye jambo moja na kujipangia kazi. Mtoto huzaliwa nayo, na mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Siyo majini, siyo laana, wala siyo mama kadekeza. Na siyo kwa wavulana tu. Yule binti aliyetulia kimya, macho dirishani, mnamwita mzito, naye anaweza kuwa nayo.

Mtasema hayo ni magonjwa ya Wazungu. Mbona watoto wa hivyo tulisoma nao? Tuliwaita vichwa maji, basi.

Mtasema tena, "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Nani anasema hivyo? Aliyefaulu! Aliyekimbia shule darasa la 5 kwa kuchoka viboko hayupo hapa kubishana na mimi. Shule za serikali huku Uingereza ziliacha viboko mwaka 1987, Kenya ikapiga marufuku 2001. Kwetu Tanzania kanuni za 2002 zinaruhusu visivyozidi 4, na mchapaji ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi. Nani anahesabu?

Huku wanafanya nini? Mtoto anakaa mbele, mbali na dirisha na mlango. Anapewa agizo moja kwa wakati, siyo matano kwa mpigo. Kazi ndefu inakatwa vipande. Ratiba imebandikwa mbele yake. Akifanya vizuri anasifiwa hapo hapo, siyo mwisho wa muhula. Kwenye mtihani anaweza kuongezewa robo ya muda.

Najua, darasa lina watoto 90. Lakini kumhamisha kiti kunagharimu shilingi ngapi? Mtumeni afute ubao, agawe madaftari, mwili wake upate kazi. Nyumbani mfuko upangwe usiku, siyo asubuhi mkikimbizana. Homuwaki dakika 15, apumzike, arudi. Daftari dogo liende na kurudi kati ya mwalimu na mzazi. Fimbo yenu imewahi kumkumbusha mtoto kalamu iko wapi?

Na wale mnaoniandikia niwatumie vidonge: HAPANA. Dawa zipo na zinasaidia wengi, lakini zinapandisha mapigo ya moyo na presha, zinakata hamu ya kula. Lazima daktari amwone kwanza mtoto, kisha apimwe uzito, urefu na presha kila mara. Siyo pipi za kuficha kwenye begi la mtu anayekuja likizo. Mpelekeni hospitali ya mkoa, mwulizie kitengo cha afya ya akili. Akili siyo maana yake kichaa!

Kabla ya kuchapa tena, hamisheni kiti. Nawakilisha. Matusi pelekeni kwenye maoni hapo chini, nitayajibu nikitoka zamu ya usiku.