Kuni za Mikoko na Mpunga wa Wajukuu Wetu

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, kisiwa chetu cha Pemba hakifiki kilomita za mraba 1,000. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 406,848. Ile ya 2022 ikatukuta 543,441. Watu tumeongezeka, ardhi haikuongezeka hata pima moja.

Wapo wanaosema kosa ni wingi wa watoto. Sisi hatumwiti mtoto mzigo, kwani riziki yake iko kwa Mola wake. Lakini riziki hiyo hupitia shambani na baharini, na sisi ndio tuliopewa amana ya kuvitunza.

Je, amana hiyo tunaitunza? Masikini hana pesa ya gesi, hukata mikoko apate kuni, makaa na boriti. Hatumlaumu, njaa haina subira. Lakini mikoko ndiyo inayovunja nguvu za mawimbi, na ndimo wanamokulia samaki na kamba. Ikiondoka, bahari hupata njia. Kisiwa Panza na kwengineko, maji ya chumvi yamekwishaingia mashambani. Basi mtu hukata leo ili apike, na kesho akakosa cha kupika.

Wala tusiwanyooshee wengine vidole. Pilau ya Maulidi ya madrasa yetu hupikwa kwa kuni kila mwaka, na sisi walimu hatujawahi kuuliza zimekatwa wapi.

Tusiseme kuwa masikini hana la kufanya. Popo wa Pemba, asiyepatikana pengine popote duniani, alikaribia kumalizika kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Watu wa Kidike, ambao si matajiri, walianza kumlinda miaka ya 1990, na leo wapo kwa maelfu.

Rai yetu ni hii: kuanzia Maulidi yajayo, kuni za mikoko zisiingie jikoni mwetu. Na kila mwanafunzi apande mche mmoja, mkoko pwani au mvinje wa kuni karibu na kwao. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti alioupanda Muislamu, huandikiwa sadaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.