UCHAMBUZI: Probiotiki si mwarobaini wa masaibu ya wafugaji wa samaki

Serikali ilipozindua mpango wa kufufua uchumi mwaka 2009, ilipania kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Kila kidimbwi kilikuwa cha mita 300 mraba na kilitengewa vifaranga 1,000. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa ukapaa hadi zaidi ya tani 24,000 mwaka 2014, kisha ukaporomoka hadi takriban tani 12,000 mwaka 2017.

Miongoni mwa sababu za mporomoko huo ni bei ghali na uhaba wa chakula bora. Kwa mfugaji wa tilapia, au ngege kama anavyoitwa kandokando mwa Ziwa Victoria, chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama zote. Ndiposa habari za probiotiki zinapokelewa kwa matumaini makubwa.

Probiotiki ni viumbe hai wadogo mno, hasa bakteria na hamira, wanaochanganywa na chakula au kutiwa majini ili kumnufaisha samaki. Utumboni, bakteria hao hung'ang'ania nafasi na chakula na vijidudu vya maradhi, mathalani Aeromonas. Aidha, baadhi yao hutoa vimeng'enya vinavyosaidia usagaji wa chakula, na wengine huamsha kinga ya mwili.

Manufaa hayo yana uzito kiuchumi. Chukulia kidimbwi kinachotoa kilo 300 za samaki. Iwapo kila kilo ya samaki hugharimu kilo mbili za chakula, mfugaji atahitaji kilo 600. Kiwango hicho kikishuka hadi kilo 1.6, atahitaji kilo 480 pekee. Kilo 120 alizookoa ndizo kipimo cha haki: probiotiki zikigharimu zaidi ya thamani ya chakula hicho, na samaki wasipopungua kufa, amepata hasara.

Kuna sababu nyingine ya kuzitilia maanani. Matumizi holela ya antibiotiki katika ufugaji huzalisha vijidudu sugu, ambavyo hatimaye humhangaisha binadamu hospitalini. Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya antibiotiki za kukuza mifugo kuanzia Januari 1, 2006, hatua iliyochochea utafiti kuhusu njia mbadala.

Hata hivyo, si kila jaribio limeonyesha mafanikio. Matokeo hutegemea aina ya bakteria, kipimo, umri wa samaki na hali ya maji. Bakteria wa jamii ya Bacillus hujifunika kwa gamba gumu linalostahimili joto la mashine za kutengeneza chakula. Wale wa jamii ya Lactobacillus, wanaopatikana katika maziwa ya mala, huangamia kwa urahisi joto likizidi. Pakiti iliyoanikwa juani dukani yaweza kuwa unga mtupu.

Ikumbukwe pia kwamba Norway ilipunguza antibiotiki katika ufugaji wa samoni hasa kwa kutumia chanjo na kuimarisha usafi wa mashamba. Probiotiki haziwezi kuziba pengo la maji yasiyo na oksijeni, vidimbwi vilivyosongamana au chakula kisicho na protini ya kutosha.

Kwa hivyo, serikali haina budi kuweka utaratibu kabla ya soko kufurika. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lihakikishe kila pakiti inataja aina ya bakteria, idadi ya walio hai, namna ya kuihifadhi na tarehe ya kuharibika. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) nayo izijaribu bidhaa hizo katika vidimbwi vya wakulima wa kawaida, na matokeo yatangazwe kwa lugha wanayoielewa.

Kaunti, ambazo zilikabidhiwa jukumu la kilimo chini ya ugatuzi, zitume maafisa nyanjani kuwafunza wafugaji kulinganisha vidimbwi viwili, kimoja chenye probiotiki na kingine bila, huku wakiandika uzani wa samaki na wa chakula.

Wafugaji wengi walishatekeleza ushauri wa serikali mara moja na kubaki na mashimo makavu. Wakiuziwa tena matumaini yasiyopimwa, itakuwa vigumu kuwashawishi kurejea kwenye vidimbwi hivyo.